Laini Iliyokatika Kila Jumapili

Mtandao ukifa kabisa, fundi anashukuru. Waya umekatika au kisanduku kimeungua, unatafuta, unapata, unarudi kwenye chai yako. Linaloua mtu ni tatizo la kuja na kuondoka. Unaitwa, unafika, na lenyewe linatulia kana kwamba umesingizia. Ukigeuza mgongo tu, unasikia nyuma yako: "Fundi, imekata tena!" Kazi hiyo niliifanya Jeppestown, mtaa wa Johannesburg, kuanzia mwaka 2015, kwa miaka kadhaa, na wanaonilalamikia leo kwamba nina hasira za karibu wajue zilikotoka.

Duka letu lilikuwa chini ya jengo lililowahi kuwa kiwanda. Juu yetu watu walikuwa wamegawa vyumba kwa mbao, kila chumba na familia yake na jiko lake. Sisi tulichapa barua, tukatoa kopi, tukapiga picha za vitambulisho, na tukawa na kompyuta za kupiga simu za nje zenye picha. Bosi wangu, mtu wa Dar, alizipata kompyuta hizo Midrand, kwenye ofisi iliyokuwa ikihama na kutupa vitu vyake. Mimi ndiye niliyezipakia kwenye bakkie, pikapu ya kukodi. Zilikuwa na ule mfumo wa zamani wenye picha ya kilima cha kijani na mbingu ya buluu, ambao hata waliouunda walishaacha kuuhudumia. Nilimwambia bosi.

"Mdogo wangu," akasema, "zinawaka, haziwaki?"

"Zinawaka."

"Basi tusizitafutie maradhi."

Maradhi yalijitafutia yenyewe. Mashine zilikuwa zikishika mtandao asubuhi nzima, kisha moja inaachia, inarudi, inaachia tena. Wateja wetu walikuwa na dawa zao. Wapo waliotikisa waya, wapo waliopiga kasha la mashine makofi, na yupo mama mmoja wa kanisa aliyeiwekea mkono na kuiombea, na siku hiyo kweli ilirudi, ikanibidi nimsikilize mahubiri mpaka alipochoka.

Mashine ya dirishani ndiyo iliyosumbua kuliko zote, na Jumapili ndiyo siku yake. Na Jumapili alikuwa akiitumia mtu mmoja tu: dada mmoja wa Uvira, Kongo, msusi wa nywele, mwenye kibanda upande wa Doornfontein. Alikuja akitoka kanisani moja kwa moja, amevaa kitenge chake kizuri. Simu yake kubwa ilinyakuliwa mchana kweupe akiwa amesimama kwenye robot, taa za barabarani, akisubiri kuvuka, na tangu hapo alitembea na kale kadogo ka vitufe ambako hakana picha. Kwa hiyo picha aliifuata kwetu.

Na picha aliyoitaka ilikuwa moja. Alimwacha binti yake Uvira kwa kaka yake siku alipokimbia, mtoto akiwa bado anabebwa mgongoni. Sasa mtoto alikuwa ameanza shule na ameng'oka meno ya mbele. Makaratasi ya kumleta Joburg hayakuwa yamepatikana, kila akienda kuyafuata anaambiwa arudi. Hivyo ulezi wake wote ulikuwa pale dirishani kwangu: kumwambia mtoto afungue mdomo aone jino limefika wapi, kumwambia ageuke aone nani kamsuka vibaya hivyo. Alikuwa akimgombeza mke wa kaka yake kwa mistari iliyopinda, halafu wanacheka wote. Mtoto alikuwa na tabia ya kubusu kioo cha simu, na kwetu huku tunaona tundu za pua tu. Nilikuwa nikicheka na mimi, ingawa hayakunihusu.

Halafu katikati ya cheko picha inaganda. Sauti inakuwa mikwaruzo, kijiduara kinazunguka, mwisho inaandikwa kwamba inajaribu kuunganisha tena.

"Kaka, rezo imekata."

"Nimeona, dada." Rezo kwa Kiswahili cha kwao ni mtandao.

Nilibadilisha waya. Nikakata vichwa vya waya vyote na kuvibana upya, na vidole vikachubuka. Nikahamisha mashine kwenye tundu jingine la kisanduku kinachogawa mtandao. Nikaondoa kadi ya mtandao na kuweka ya mashine iliyokufa. Nikakataza mashine isiilaze kadi ili kubana umeme, maana mfumo ule ulikuwa na ujinga huo. Wiki ikipita vizuri nilijipongeza, Jumapili ikifika napigwa kofi upya. Nilianza kuichukia mashine ile kama mtu. Nilikuwa nikiipita asubuhi bila kuiangalia.

Jibu lilikuwa juu yetu, kwenye dari. Ghorofa ya kwanza alikaa fundi cherehani, Mkongomani wa Lubumbashi, na bosi alimpa waya wa mtandao kupitia tundu la bomba, kwa sababu jirani hanyimwi, na yeye kwa shukrani alikuwa akitupunguzia suruali bure. Hilo nililijua. Nisilojua ni kwamba bosi alimpa na kompyuta moja katika zile za Midrand. Kule ofisini kila mashine iliandikiwa anwani yake kwa mkono, na aliyeandika alichoka mahali, akazipa mbili anwani ileile. Moja ilikuwa dirishani. Nyingine ilikuwa juu, na fundi cherehani, mtu wa kazi nyingi, aliiwasha Jumapili tu, kusikiliza kwaya akila. Akiwasha, mashine mbili zinagombea anwani moja, na mtandao unampa huyu, unamnyang'anya, unampa yule. Mfumo wenyewe ulikuwa ukitoa kijikaratasi pembeni mwa kioo kusema kuna mgongano. Wateja walikuwa wakikifunga haraka kama mtu anavyofukuza nzi. Dada yangu wa Uvira alikiri alishakifunga mara nyingi, alidhani ni tangazo.

Nilipanda ngazi, nikaiandikia mashine ya juu anwani nyingine, kazi ya kunywa maji. Nikashuka nimejaa sifa. Jumapili iliyofuata nikamwambia yule dada aongee mpaka achoke, mtandao sasa ni chuma.

Alimpata kaka yake. Picha ilikuja safi, mpaka nikaona kalenda ukutani nyuma yake. Wakasalimiana, wakaulizana afya.

"Mutoto iko wapi?" akauliza dada. "Mumulete nimuone."

"Ameenda kuteka mayi," kaka akasema, na simu ikakata.

Aliniangalia. Mimi niliangalia kilima cha kijani. Siwezi kueleza aibu niliyoipata. Nilimrudishia hata muda wake bila kuombwa. Nikaanza upya. Waya, vichwa, kisanduku, kadi. Nikapanda juu kuhakikisha fundi cherehani hajarudisha anwani ya zamani. Hakuna kitu. Mashine ilishika mtandao wiki nzima bila kupepesa.

Jumapili nyingine nikaja na mtego. Kuna lile dirisha jeusi la amri, unaiambia mashine iite nje bila kukoma, na kila jibu likirudi linaandika mstari. Mtandao ukikatika, mistari inasimama na unaona mwenyewe pale ulipokatika. Nikalifungua kwenye kona ya kioo chake, dogo, nikasimama nyuma yake nikiangalia mistari badala ya kaka yake.

"Mutoto iko wapi leo?"

"Alilala. Tumbo ilikuwa inamuluma kidogo."

"Mumuamshe, mimi niko namungojea."

Mke wa kaka alipita nyuma, akatazama kioo, akatoka haraka. Simu ikakata. Mistari yangu iliendelea kushuka, mmoja baada ya mwingine, bila pengo. Picha haikuganda, sauti haikukwaruza, kijiduara hakikuzunguka. Ilifunga mara moja, kwa ule mlio mfupi unaotoka mtu anapobonyeza kitufe chekundu.

"Bado rezo, kaka?"

Nilisema nitaangalia. Kichwani nilijitetea kwamba labda ni minara ya kwao, labda betri ya simu. Lakini mwili ulishajua. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilipokuwa Dar niliitwa nyumbani kwa kuambiwa mama amebanwa kidogo na kifua, nisiwe na wasiwasi. Nilifika nikakuta viatu vimejaa mlangoni. Kwetu msiba hatumpi mtu aliye mbali mkononi, tunamzungushia ugonjwa kwanza, mpaka apatikane wa kumshika. Kumbe na Uvira ni vivyo hivyo. Walikuwa wakikata wenyewe, na walijua ameshauzoea ukataji huo, kwa sababu duka letu lilimzoesha. Ubovu wa mashine zetu ndio waliojifunika nao. Na mimi nilikuwa nimepanda ngazi kwenda kuuondoa.

Siku iliyofuata simu ya duka ililia, namba ya Kongo.

"Ni wewe fundi? Dada yangu iko hapo?"

"Hayupo."

Nilimsikia akifunga mlango upande wake.

"Kaka, mutoto alikufa. Homa ilimukamata, tulimufikisha hospitali, alikufa asubuhi. Tulisha muzika."

Nilimuuliza kwa nini hawasemi. Nilimuuliza kwa ukali. Nilikasirika mno, nikamwambia yule ni mama yake, anakaa pale anasubiri kuona meno. Aliniacha nimalize.

"Iko peke yake huko," akasema. "Hana hata dada. Nikimwambia kwa simu, akianguka, nani atamushika?"

Akanieleza waliyopanga. Alikuwa ameongea na wazee wa kanisa la dada yake hapo Joburg, nao walikubali kwenda chumbani kwake Jumapili jioni, na akina mama wa kwaya, wamwambie wakiwa wengi na walale naye. Ila mchana wa Jumapili hiyo atakuja dukani. Wasipopokea, ataingiwa na hofu na kuwapigia majirani, na kwenye majirani hakosekani mropokaji. Wakipokea, hawawezi tena kuigiza, mkewe alishashindwa.

"Rezo isipatikane," akasema. "Siku moja tu. Tafazali, kaka."

Nilimwambia bosi. Alivua kofia, akakaa, akasema inna lillahi, kisha akasema, "Chomoa." Nilitaka anikatalie. Nilitaka mtu aseme duka haliwezi kufungwa Jumapili, siku ya wateja. Hakusema.

Jumapili nikachomoa waya mkuu nyuma ya kisanduku, nikauacha umegusa tundu ili kwa macho uonekane umechomekwa. Wateja wengine waliguna wakaondoka. Yeye alikuja na mfuko. Alikuwa amemnunulia mtoto sweta, jekundu, lenye kofia, akitaka alipime kwa macho kwenye kioo kabla hajampa mtu wa kusafiri nalo.

"Hakuna mtandao leo, dada. Duka zima."

"Nitangoja."

"Inaweza isirudi."

"Niko na muda. Leo sisuki mutu."

Akakaa. Ningefunga duka, lakini bosi alikwenda msikitini kwa shughuli ya ndoa na funguo za shata, ule mlango wa chuma, alikuwa nazo yeye. Basi nikafanya kazi. Sikujua kukaa bure mbele yake. Niliingia chini ya meza nikavuta waya mzima, nikaupima, nikaurudisha. Nikafungua kasha la mashine isiyo na kosa. Nikaandika amri kwenye dirisha jeusi, ikajibu kwamba haifiki kokote, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeshangaa. Kila hatua niliyojifunza kwa miaka niliifuata kwa mpangilio wake, kwa uangalifu ambao sikuwahi kuwa nao kwenye tatizo la kweli. Chini ya meza kulikuwa na giza, na nilipokuwa nimelala chali nikaona mwanga umenijia usoni. Alikuwa amechukua tochi yangu mezani, amechuchumaa, ananimulikia.

"Ni huu waya?" akauliza.

"Labda."

"Pole na kazi, kaka. Hizi mashine zinakutesa."

Nilibaki pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu sikuweza kumtazama usoni. Nilijichukia. Niliwachukia wazee wa kanisa kwa kuchagua jioni badala ya asubuhi, nikamchukia na kaka yake, ambaye hakuwa na kosa lolote. Mwishowe alisimama, akakunja sweta, akasema atarudi wiki ijayo, na kwamba nimsalimie mtoto kama wakipiga. Nikasema sawa.

Yaliyotokea jioni nilisimuliwa na fundi cherehani, ambaye mkewe alikuwa kwenye kwaya ile. Yule dada aliwaona wazee wamejaa mlangoni. Alianguka kabla hawajafungua mdomo, na walikuwepo wa kumshika, kama kaka yake alivyotaka. Walikaa kilio chumbani kwake siku nyingi. Mimi na bosi tulikwenda tukatoa rambirambi, tukakaa kwenye mabenchi ya kuazima kule uani na wanaume. Hakutoka ndani, na sikuomba kumwona; nilisikia kaka yake ameshamwambia nani alichomoa waya ile Jumapili.

Alirudi dukani Jumapili moja baadaye, kanisa likiwa halijatoka. Amenyoa kichwa. Alikaa dirishani bila salamu na kusema nimwitie kaka yake. Nilimwita. Ilishika mara moja.

Walikuwa wamepanga, nadhani, maana kaka alikuwa tayari njiani, simu imeinuliwa, vumbi na nyasi zinapita kwenye kioo. Akafika mahali, akaigeuza simu. Kaburi lilikuwa dogo. Lilikuwa na msalaba wa mbao uliopakwa rangi nyeupe, na jina limeandikwa na mtu mwenye mkono mzuri. Udongo ulikuwa bado mwekundu juu.

Hakulia kwa sauti. Alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa ukuta, akaweka vidole kwenye kioo. Kaka alishika simu kwa mikono miwili, tukasikia upepo wa kule na mbuzi fulani. Tangu niifahamu mashine ile sikuwahi kuiona laini imetulia hivyo. Nilisimama kaunta, nikafukuza mteja aliyetaka kopi kwa ishara ya mkono.

"Sogeza karibu," akamwambia kaka yake. "Nisome."

Simu ikasogea kwenye msalaba. Alikuwa ameanza kusoma jina kwa sauti picha ilipoganda. Sauti ikakwaruza. Kijiduara kikaanza kuzunguka juu ya herufi za mwanzo za jina la mwanawe.

Nilikimbia. Niliangalia kisanduku, taa zote zinawaka. Niliangalia waya mkuu, umekaa imara. Nikapiga kelele juu ya ngazi kwa fundi cherehani, akajibu yake imezimwa. Ilikuwa kule, minara ya kwao, au umeme, au Mungu mwenyewe anayejua. Niliporudi alikuwa ameshageuza kiti, ananitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayeuliza bei.

"Ni wewe?"

"Hapana, dada. Wallahi, huu ni mtandao."

Akaendelea kunitazama, akiichunguza mikono yangu, kama nimeshika kitu. Nilitaka kumwonyesha dirisha jeusi, nimwonyeshe mistari iliposimama, nimweleze tofauti ya kuganda na kufunga. Nilianza hata kueleza. Aliinuka katikati ya maelezo, akavuta kitenge juu ya kichwa kilichonyolewa, akatoka. Sikumwona tena kwenye mashine yangu.